Neno Bendera na Milango Liliyopitia

Tarehe 11 Mei 2024, siku ambayo jimbo la Minnesota lilitimiza miaka 166 tangu kupokewa katika Muungano wa Marekani, bendera mpya ilishika rasmi mahali pa ile ya zamani, na watu ambao kwa miaka mingi hawakuwa na habari kwamba jimbo lao lina bendera, sembuse kujua kilichochorwa ndani yake, wakajikuta wamegawanyika makundi mawili, moja la furaha na moja la ghadhabu. Ile ya zamani ilianza maisha yake mwaka 1893 na ikatengenezwa upya mwaka 1957, nayo ilibeba katikati muhuri wa jimbo, ambamo mkulima Mzungu anaonekana akishika plau, bunduki yake haiko mbali, na Mwenyeji wa asili amepanda farasi akienda zake. Wadakota na Waojibwe, ambao nchi hii ilikuwa yao kabla ya plau hiyo, waliiona picha ile kuwa ni sherehe ya kufukuzwa kwao, na kwa kweli ni vigumu kuwakatalia. Mwaka 2023 Bunge la jimbo likaunda tume, tume ikafungua mlango kwa raia wote, mapendekezo ya bendera zaidi ya 2,000 yakamiminika, na mwishowe ikachaguliwa kazi ya kijana mmoja wa mji mdogo wa Luverne, Andrew Prekker, ambayo baada ya kurekebishwa ilibaki na mambo matatu tu: umbo la jimbo katika buluu iliyoiva, nyota nyeupe ya ncha nane, na uwanja mpana wa rangi ya samawati.

Wapinzani walikuwa na sababu nyingi, nyingine za haki na nyingine za mazoea. Lakini iliyosikika mbali kuliko zote ilikuwa daawa kwamba bendera ile imeigwa kwa Wasomali. Minnesota ndiyo makazi ya Wasomali wengi kuliko jimbo lolote la Marekani. Bendera ya Somalia, iliyobuniwa mwaka 1954, ni ya samawati yenye nyota nyeupe. Na kazi ya Prekker kama alivyoileta mara ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu, mweupe, wa kijani na wa samawati, ambayo pamoja na nyota yake iliwakumbusha watu bendera ya Puntland, kaskazini-mashariki ya Somalia. Tume, iwe ni kwa kutafuta wepesi wa mchoro au kwa kukimbia maneno ya watu, iliiondoa mistari. Daawa haikufa. Hata leo baadhi ya wilaya na miji inakataa kuipandisha bendera mpya, na miongoni mwa wanaokataa wapo wasemao bila haya kwamba wao si watu wa Mogadishu.

Mwandishi wa makala haya hana ugomvi na mtu anayeona kwamba bendera mpya ni mbaya, maana uzuri ni jambo la jicho. Ugomvi wangu ni na hoja: kwamba vitu viwili vikifanana, basi kimoja lazima kiwe kimeiba kwa kingine. Hoja hii haikuzaliwa Minnesota, wala si ya watu wasiosoma peke yao; sisi wenyewe Waswahili tunaitumia kila siku tunapozungumza juu ya maneno ya lugha yetu, na hakuna neno linaloufichua udhaifu wake kama neno hilohilo linalogombaniwa hapa, yaani bendera.

Mswahili akibahatika kukaa meza moja na Mmalay, jambo ambalo katika Miji Pacha ya Minneapolis na Saint Paul si la ajabu, kwani Chuo Kikuu cha Minnesota kimepokea wanafunzi wa Kimalaysia kwa miaka mingi, atagundua kwamba mwenzake naye hiyo meza anaiita meja. Akimwuliza nguo ile inayopepea juu ya mlingoti inaitwaje kwao, atajibiwa bendera, na Mwindonesia atajibu vilevile, bila herufi kuongezeka wala kupungua. Tafauti ni kwamba irabu ya kwanza wao huipitia kwa wepesi, karibu kuimeza, na sisi huitamka ikajaa kinywa. Hapo ndipo mabaraza huanza. Nimemsikia mzee wa Mombasa akishikilia kwamba Wamalay wamelichukua neno hili kwetu, kwa kuwa jahazi zetu zilifika mbali. Nimemsikia mwingine, mtu wa kisomo, akisema kwamba ni Kiarabu, kwa kuwa kila kilichopo kwetu na kwa Wamalay pamoja lazima kiwe kimekuja na dini. Wote wawili walikuwa na yakini, na wote wawili walikuwa wamepotea, kwani Mwarabu bendera yake huiita alam, na jirani yetu Msomali, aliye karibu naye kuliko sisi, huiita calan kwa kufuata neno hilohilo.

Bendera ni neno la Kireno, bandeira, na Wareno nao walilipata katika lugha za Kijerumani za kale, ambamo mzizi wake ulikuwa na maana ya ishara au alama. Ndiyo maana Waingereza, kwa njia nyingine kabisa, wana neno lao la kuita bango au beramu lililotoka katika mzizi huo huo. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Miaka saba baadaye Francisco de Almeida aliipiga Kilwa na akaiteketeza Mombasa. Na mwaka 1511 Afonso de Albuquerque aliiteka Malaka, ambayo ilikuwa soko kuu la Wamalay na mlango wa biashara yote ya karafuu, kungumanga na hariri. Kutoka Kilwa mpaka Malaka ni bahari tupu ya maelfu ya maili, lakini waliozipiga bandari hizi mbili walikuwa watu wa taifa moja, na miaka iliyotenganisha mapigo yale haikutosha mtoto kuingia chuoni. Wareno walikaa Malaka mpaka Waholanzi walipowatoa mwaka 1641, na walikaa Mombasa mpaka Ngome ya Yesu ilipoanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698.

Basi ukiyaweka majina haya juu ya ramani, mfanano wa neno hauna tena siri. Halikutoka kwetu kwenda kwao, wala kwao kuja kwetu. Lilitoka mahali pa tatu likaingia nyumba mbili kwa siku zilizokaribiana, na mgeni aliyelileta hakuja kwa heri. Nasisitiza jambo hili la mwisho kwa sababu maneno hushika tabia ya vyombo vilivyoyabeba. Nguo juu ya mlingoti haikuwa kitu kigeni kwa watu wa Bahari ya Hindi; Wamalay walikuwa na panji zao na tunggul zao, na washairi wetu wa pwani walikuwa na beramu. Kilichokuwa kigeni ni ile sheria ya kwamba chombo chochote kinachokatiza bahari lazima kiwe na hati ya ruhusa kutoka kwa Mreno, na kwamba chombo kisichokuwa nayo ni ngawira halali. Tangu siku hiyo nguo ya mlingotini haikuwa pambo la mfalme bali jambo la kufa na kupona, na nahodha aliyeiona kwa mbali ilimpasa ajue ni ya nani kabla upepo haujamfikisha. Maneno ya zamani yalibaki kwa fahari na kwa mashairi. Jambo jipya likachukua neno jipya, huku na huko.

Ajabu iliyoje kwamba ushahidi wa mambo haya umehifadhiwa Minneapolis, mji ulio katikati ya bara na mbali na kila bahari. James Ford Bell, tajiri wa unga aliyeasisi kampuni ya General Mills, alikusanya vitabu na ramani za wafanyabiashara na mabaharia wa zamani, na mkusanyo wake, alioutoa kwa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1953, umekuwa maktaba mahususi ya historia ya biashara ya dunia kabla ya mwaka 1800. Maktaba hiyo ipo ukingo wa magharibi wa Mto Mississippi, na mtu akitoka mlangoni mwake na kutembea kitambo kidogo huiona minara ya Riverside Plaza yenye vibao vya rangi rangi, kazi ya Ralph Rapson iliyokamilika mwaka 1973, ambamo leo wanaishi maelfu ya watu wa Afrika ya Mashariki, Wasomali na Waoromo kwa wingi. Vitabu vinavyoeleza jinsi Mreno alivyoipiga Barawa, mji wa pwani ya Somalia, vinakaa jirani na watu ambao baadhi yao wametoka Barawa. Sijui kama wanajuana.

Bendera haikuja peke yake. Kireno kilituachia sisi na Wamalay jozi nzima za maneno, na mengine bado yanafanana kama ndugu waliolelewa mbali: roda ya kuvutia kamba kwetu, na roda ya gurudumu kwao, dadu ya kuchezea kwetu na dadu kwao, nanasi na nanas, sapatu za wazee wetu wa pwani na sepatu za kila Mwindonesia. Lakini lililo na hikaya kuliko yote ni gereza. Wamalay na Waindonesia wana gereja, na maana yake ni kanisa, kama ilivyokuwa igreja ya Mreno. Sisi tuna gereza, na hakuna Mswahili anayelisikia neno hili akakumbuka sala. Kanisa la Wareno kwetu lilikuwa ndani ya ngome, na jina la kanisa likashika ngome nzima, hata leo ile ngome ya Kilwa Kisiwani wenyeji huiita Gereza. Kisha ngome ikawa mahali pa kufungia watu, na jina likafuata kazi. Ngome ya Yesu yenyewe, walipoishika Waingereza, ilitumiwa kuwa jela tangu mwaka 1895 hata 1958. Neno moja, mleta mmoja, zama moja. Katika nyumba moja likawa mahali pa ibada, na katika nyumba nyingine likawa mahali pa pingu. Anayedhani kwamba maneno yakitoka mahali pamoja hubaki na maana moja, na atazame hapa.

Kwa upande mwingine, yapo maneno tunayoshirikiana na Wamalay ambayo Mreno hana sehemu ndani yake. Wao wakikutana huulizana khabar, na sisi huulizana habari, na hilo ni la Kiarabu kwa yakini, kama dunia, wakati, kitabu na riziki, ambayo yote wanayo. Kiongozi wa chombo kwao ni nakhoda na kwetu ni nahodha, naye ni Mwajemi. Kadhalika bandari, ambayo Mmalay huiita bandar na ameikuza mpaka ikawa na maana ya mji, na Mwindonesia ameikunja pamoja na neno la hewa akapata bandara, kiwanja cha ndege. Wapo pia wageni halisi wa Kimalay waliopanda vyombo na kufika kwetu bila dalali: doriani wa Unguja, lile tunda lenye harufu isiyosameheka na utamu usiosahaulika, jina lake limetoka katika duri, ambayo kwa Kimalay ni mwiba, na mtu wa Zanzibar aliyelikosa huweza kulipata Saint Paul, katika soko la Wahmong, likiwa limegandishwa kama jiwe na kwa bei ya kuumiza. Na mwisho yapo yanayofanana kwa bahati tupu, bila mleta wala njia: kuku kwao ni ukucha, lima ni tano, na pipi ni shavu. Mtu akijenga nasaba juu ya maneno matatu haya atapata ukoo wa ajabu sana.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu ndani yake umo mzani wote wa hoja yangu. Mfanano una angalau sababu nne: kwamba mmoja amemwiga mwenzake; kwamba wote wawili wamechukua kwa wa tatu; kwamba wana asili moja ya kale, kama Kimalay na Kimalagasi, ambazo ni ndugu wa kweli licha ya bahari iliyo kati yao; au kwamba ni sadfa. Mwenye haraka huishika ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayompa mtu wa kulaumu.

Neno bendera lilipokwisha kuingia, kila nyumba ililifanyia mambo yake. Kwetu lilichukua rangi. Bendera ya mabwana wa Oman na Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu, bila nyota wala maandishi, na kwa kuwa hiyo ndiyo iliyoonekana kila siku, neno likateremka kutoka mlingotini hadi dukani: bendera likawa jina la kitambaa chekundu cha pamba, kilichobebwa na misafara ya karne ya 19 pamoja na shanga na masango kwenda kununulia pembe. Richard Burton, aliyeingia bara mwaka 1857, ameeleza jinsi kirangozi alivyotangulia msafara akiwa na bendera nyekundu, ambayo ilikuwa alama kwamba watu hawa wametoka Zanzibar. Maana hii imekufa sasa, na sitegemei kumkuta kijana anayeijua. Lakini kwa zaidi ya kizazi kimoja mtu wa Unyamwezi aliweza kuvaa bendera kiunoni pasipo kumtii Sultani wala mwingine yeyote. Kwa njia hiyohiyo ya misafara, na baadaye ya makarani na askari, neno likapenya bara, hata leo Waganda wanalo, na Wanyarwanda huiita yao ibendera. Na upande wa pili wa Afrika, ambako Mreno alitia nanga kwa Wakongo kabla hajaizunguka Rasi, Lingala ina bendele, neno ambalo halikupita kwetu kabisa. Mkongo na Mswahili wakikutana katika kanisa moja la Brooklyn Park, hapa Minnesota, huweza kudhani kwamba mmoja amemfundisha mwenziwe, na hakuna aliyemfundisha mwenziwe.

Historia ya pwani yetu, ukitaka kuisoma kwa kufuata mlingoti, inasomeka vyema. Agosti 1888, Emil von Zelewski, wakala wa Kampuni ya Kijerumani huko Pangani, alitaka bendera ya Kampuni ipande, na mlingoti wa bendera ya Sultani ukakatwa kwa nguvu ya askari wa manowari. Vita vya Abushiri vikafuata. Tarehe 27 Agosti 1896, mizinga ya Waingereza iliyokuwa ikilipiga kasri la Sayyid Khalid bin Barghash, vita ambavyo havikutimia hata saa moja, ilinyamaza bendera nyekundu ya kasri ilipoangushwa. Na kuna kesi ambayo watu wa Bahari ya Hindi wangepaswa kuijua zaidi kuliko wanavyoijua: manahodha wa Sur, huko Oman, walipewa na Wafaransa haki ya kutweka bendera ya Ufaransa, na chombo chenye bendera hiyo manowari za Waingereza hazikuweza kukipekua, hata kama ndani yake walikuwamo watumwa. Shauri likafika mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo mwaka 1905 iliamua kwamba haki hiyo ina mpaka na haiwezi kutolewa kwa kila atakaye. Mwaka huo huo wa 1905 lilifunguliwa jumba la serikali la Saint Paul, kazi ya Cass Gilbert, ambalo sakafuni mwake chini ya kuba imo nyota kubwa ya ncha nane. Mambo haya mawili hayahusiani hata kidogo. Nimeyaweka pamoja ili msomaji aonje jinsi sadfa inavyoshawishi.

Kwa Wamalay na Waindonesia neno lilipanda badala ya kushuka. Indonesia ilipotangaza uhuru wake Jakarta tarehe 17 Agosti 1945, ilipandishwa bendera nyekundu na nyeupe iliyoshonwa kwa mkono na Fatmawati, mke wa Soekarno, nayo ikaja kuitwa bendera pusaka, yaani bendera ya urithi, na kikosi cha vijana wanaopandisha bendera katika sherehe za taifa kila mwaka kinabeba jina hilo. Mwezi mmoja baadaye, mjini Surabaya, vijana walipanda juu ya paa la hoteli iliyokuwa imetwekwa bendera ya Uholanzi, nyekundu, nyeupe na buluu, wakaichana buluu, wakaipandisha iliyobaki. Katika shule za nchi hiyo Jumatatu ni siku ya upacara bendera, ibada ya mlingoti ambayo mtoto wa Tanzania aliyewahi kusimama mstarini asubuhi ataitambua mara moja. Na ili tusidhani kwamba yote ni taadhima, maziwa mashuhuri ya huko huitwa Susu Bendera, na bendera inayokusudiwa ni ya Friesland, jimbo la Uholanzi, yaani la mkoloni aliyechaniwa buluu yake. Vijana wa Surabaya wamekunywa maziwa hayo wakazeeka nayo.

Ile nyekundu na nyeupe ya Indonesia ni sawasawa na ya Monaco, iliyowekwa mwaka 1881, isipokuwa vipimo. Wala hakuna mwenye akili anayesema kwamba Soekarno alikwenda kuiba kwa mtawala wa Monaco. Bendera ya Malaysia nayo ina mistari myekundu na myeupe na pembe ya buluu, ikawa kwa mbali kama ya Marekani, ila mistari yake ni 14 badala ya 13, na katika ile buluu umo mwezi na nyota ya njano. Mfanano huo umekwisha kumletea mtu madhara. Mwaka 2017, huko Wichita, Kansas, mhandisi mmoja wa Kimalaysia aliyesherehekea na wenzake na kuitundika bendera ya nchi yake alishitakiwa kwa wakuu kwamba ameichafua bendera ya Marekani kwa alama za magaidi, na habari ikafika mpaka kwa makachero wa serikali kuu. Aliyeshitaki aliuona mfanano, akaukasirikia, na hakuuliza.

Hilo ndilo ninaloliona katika mzozo wa Minnesota. Nyota ya bendera mpya si ngeni hapa: wito wa jimbo tangu mwaka 1861 ni Nyota ya Kaskazini, umeandikwa kwa Kifaransa, na nyota hiyo ni ileile ambayo manahodha wetu waliiita Jaa na kuiegemeza milingoti yao usiku, na ncha zake nane zilikuwamo sakafuni katika jumba la Gilbert kabla Msomali wa kwanza hajapanga chumba katika mtaa wa Cedar. Samawati yake inatokana na maziwa na mbingu, na katika jina lenyewe la Kidakota la nchi hii imo maana ya maji yanayoakisi mawingu. Samawati ya Somalia, nayo, ilifuata ya Umoja wa Mataifa. Njia mbili, zisizokutana. Na lau zingekutana, je? Wasomali hufanya sherehe ya uhuru wao kila mwaka katika Lake Street, bendera za samawati zikajaa barabara nzima, na barabara hiyo ni ya Minneapolis, inafagiwa kwa kodi yao. Mtu anayesema bendera yake imeharibika kwa kuwa inafanana na ya jirani anatwambia jambo juu ya jirani, si juu ya bendera. Tume ilifanya vyema kuchagua mchoro ule, na ningalifurahi zaidi kama isingeiondoa ile mistari, maana kijani chake kilikuwa kizuri na hakikumdhuru mtu.

Ya kwetu ni kazi ndogo zaidi, na inawapasa watunga kamusi. Kamusi zetu, zinapotia asili ya neno, aghalabu huridhika na alama fupi ya lugha lilikotoka, Kireno, Kiarabu, Kihindi, kisha zikapita. Na msomaji hubaki akidhani kwamba kujua mwenye mali ni kujua safari. Ningependa kuona chini ya bendera maelezo ya mistari minne au mitano: kwamba ni bandeira ya Wareno; kwamba Wamalay wanalo kwa njia hiyohiyo na wasemaji wa Lingala kwa njia ya pwani ya magharibi, na kwamba Waganda na Wanyarwanda walilipata kwetu; kwamba katika karne ya 19 kiliitwa hivyo pia kitambaa chekundu cha biashara ya bara, kwa sababu ya bendera ya Zanzibar; na chini ya gereza, iandikwe kwamba Mmalay akilitamka anakwenda kusali.